Safari ya kutazama ndege kwenye msitu wa mawingu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayejiandaa kupanda msitu wa mawingu kwa ajili ya ndege, awe anakwenda Usambara, milima ya Andes ya Amerika ya Kusini au kisiwa cha Borneo, Asia. Mengi yanayofaa savana au kando ya ziwa hayafai huku, kwa hiyo hata mzoefu ayapitie.

Msitu wa mawingu ni upi hasa?

Ni msitu wa mlimani, kwenye ukanda wa tropiki, ambao mawingu huugusa karibu kila siku. Hewa yenye unyevu ikisukumwa na upepo kupanda mteremko hupoa, mvuke wake ukageuka vitone vidogo, na vitone hivyo hunaswa na majani na matawi. Ndiyo maana utaona miti inadondosha maji hata siku ambayo haijanyesha. Kwenye milima mikubwa ya bara, ukanda huu mara nyingi huwa kati ya mita 1,500 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye milima midogo iliyo karibu na bahari unaweza kuanza chini ya mita 1,000. Joto hupungua takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Miti yake ni mifupi kuliko ya msitu wa bondeni, imepinda, na mashina yamevikwa ukoga mnene, kangaga na okidi. Hapo ndipo ndege wanapochokoa wadudu, kwa hiyo matawi yaliyofunikwa hivyo yatazame kwanza.

Kuna nini huko ambacho sitakipata penginepo?

Ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Msitu wa kilele kimoja umetengwa na wa kilele kingine na bonde lenye joto ambalo ndege wa baridi havuki, na utengano huo ukidumu kwa maelfu mengi ya miaka kila mlima unazaa spishi zake. Uluguru, Tanzania, ina chozi wake, *Cinnyris loveridgei*, na mbwigu wake, *Malaconotus alius*, ambao hawapo kwingine. Kwale wa Udzungwa, *Xenoperdix udzungwensis*, hakujulikana na wanasayansi hadi 1991. Kwenye Mlima Kinabalu, Borneo, watazamaji huwafuata ndege watatu wenye jina la John Whitehead, aliyekusanya ndege huko miaka ya 1880. Andes nako, kuvuka tu kutoka mteremko wa magharibi kwenda wa mashariki hubadilisha sehemu kubwa ya orodha yako.

Ukihesabu idadi tupu ya spishi kwa siku, misitu ya milimani ya Afrika itakupa chache kuliko Andes. Anayekuja Afrika kwa ajili ya idadi atavunjika moyo. Anayekuja kwa ajili ya wale ambao hawapo kwingine atarudi ameridhika.

Niende mwezi gani?

Lenga mwisho wa kiangazi na mwanzo wa mvua. Wakati huo ndege wengi huanza kutaga, madume huimba sana, na njia bado zinapitika. Kwenye Milima ya Tao la Mashariki, Kenya na Tanzania, Septemba hadi Desemba ni miezi mizuri. Monteverde, Kosta Rika, ketsali, ndege wa kijani mwenye mkia mrefu sana (*Pharomachrus mocinno*), hutaga takriban Machi hadi Juni. Msimu ukiisha hushuka au kuvuka mlima kufuata matunda, na anayekuja amechelewa hukuta misitu ileile bila ndege aliyemfuata. Mteremko wa magharibi wa Ekuador, upande wa Mindo, hupumzika mvua kubwa kuanzia Juni hadi Septemba.

Usichague mwezi kwa kukimbia ukungu. Utaukuta kila mwezi.

Niwe msituni saa ngapi?

Kwenye tropiki jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima. Uwe umefika mahali unapotaka kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kufika langoni saa kumi na mbili ni kuchelewa, kwa sababu kuna ndege wanaoimba kwa nusu saa tu kabla ya mwanga kukolea kisha hunyamaza mchana kutwa. Kama lango la hifadhi hufunguliwa saa moja au saa mbili, uliza siku moja kabla kama kuna kibali cha kuingia mapema. Hifadhi nyingi hukitoa kwa watazamaji wa ndege wakiomba kwa wakati.

Saa nne unusu hivi, jua likishapasha bonde, mawingu huanza kupanda na msitu hunyamaza. Kuanzia saa sita hadi saa tisa pumzika, kula, au kaa chini ya mti wenye matunda. Saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni kuna uhai tena, ingawa hafifu kuliko wa asubuhi.

Ukungu ukifunga kabisa, nirudi kulala?

La. Ukungu hufunga macho yako lakini haumfungi ndege. Mara nyingi ndege wa vichaka vya chini, wale waoga wanaokaa gizani, husogea hadi ukingoni mwa njia ukungu ukiwa mzito, kwa sababu mwanga umepungua na wanajiona salama. Sahau vilele vya miti kwa muda huo. Tembea polepole ukitazama ardhi ya njia iliyo mbele yako, mita 15 hadi 20.

Saa ya dhahabu ni ile mvua au ukungu unapoondoka na jua kuchungulia. Ndege waliokuwa wamejibanza hutoka kujikausha na kula kwa pamoja, na kwa dakika 20 hivi msitu mzima huchangamka. Aliyerudi chumbani hukosa hilo. Mvua kubwa yenye upepo ndiyo pekee inayostahili kukurudisha, na hata hiyo ni kwa usalama wako kwanza, maana matawi yaliyolowa huvunjika.

Ninunue darubini ya aina gani?

Ukiweza kuwa na moja tu, 8×42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni: 8×42 hutoa milimita 5.25, 10×42 hutoa 4.2, na 10×25, ile ndogo ya mfukoni, hutoa 2.5 tu. Kwenye jua kali hutaona tofauti. Chini ya miti, kukiwa na wingu, ile ndogo itakuonyesha kivuli chenye mkia.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea 8 kuliko 10. Ukuzaji mdogo hukupa uwanja mpana zaidi wa kuona, na huku ndege wapo karibu lakini hawatulii, kwa hiyo unahitaji kumpata haraka kuliko kumkuza. Mambo mengine ya kukagua kabla ya kulipa ni haya: iwe haiingii maji na imejazwa naitrojeni au agoni ndani, iweze kulenga kitu kilicho mita 2 kutoka ulipo, na kama unavaa miwani, umbali wa jicho kutoka lenzi uwe angalau milimita 15 au 16, la sivyo utaona duara dogo katikati ya giza.

Wengi wana darubini nzuri iliyowekwa vibaya. Fanya hivi mara moja, nyumbani. Fungua au kunja bawaba hadi duara mbili ziwe moja. Fumba jicho la kulia, lenga maandishi ya mbali kwa gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Kisha fumba la kushoto, fumbua la kulia, na bila kugusa gurudumu la katikati zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia hadi maandishi yawe makali. Kumbuka alama pete ilipoishia. Usipofanya hivyo, macho yako yatashindana siku nzima na utaumwa kichwa ukidhani ni mwinuko.

Darubini ya jicho moja yenye miguu mitatu iache, isipokuwa utakaa kwenye eneo la wazi linalotazama bonde. Kwenye kijia chembamba ni mzigo.

Lenzi zinajaa ukungu. Tatizo ni nini?

Angalia ukungu uko wapi. Ukiwa nje, upande wa macho, ni joto la uso na pumzi yako: shusha darubini kila baada ya kutazama, usiishikilie usoni ukingoja ndege atoke, na usipumulie juu. Ukiwa nje, upande wa mbele, lenzi ni baridi kuliko hewa. Hii hutokea ukitoka chumba au gari lenye kiyoyozi. Zima kiyoyozi dakika 20 kabla ya kufika, au acha vifaa kwenye buti la gari.

Ukungu ulio ndani, usiofutika upande wowote, unamaanisha kizibo kimechoka na unyevu umeingia. Msituni huna la kufanya zaidi ya kuiweka usiku ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na pakiti kadhaa za silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu. Usiianike juani wala karibu na jiko: joto hulegeza gundi ya lenzi. Ikikauka, ipeleke kwa fundi ukirudi, kwa sababu unyevu uliobaki humea kuvu, na kuvu huila tabaka la lenzi hadi likaacha alama za utando zisizotoka.

Kufuta nako kuna mpangilio. Puliza vumbi kwanza, piga brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi. Anayeanza na ncha ya shati anasaga mchanga juu ya kioo. Beba vitambaa vitatu, kila kimoja kwenye mfuko wake wa plastiki, maana cha kwanza kitalowa kabla ya saa tatu asubuhi.

Mwavuli au koti la mvua?

Vyote, lakini mwavuli kwanza. Hukinga darubini na kitabu pia, hauna kelele ya kukwaruza, na hautoi jasho. Koti livae upepo ukizidi. Chagua la rangi iliyofifia na kitambaa kisichopiga kelele unaponyanyua mikono. Likunje sikioni dukani ulisikie.

Na nguo nyingine?

Kijani cha majani makavu, kahawia, kijivu. Nyeupe ndiyo mbaya kuliko zote. Pamba ikilowa hukaa imelowa na kukupoza, hivyo chukua sufi nyepesi au kitambaa cha sintetiki, na tabaka la joto la asubuhi. Alfajiri kwenye mita 2,000 inaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na utakuwa umesimama tu bila kutembea. Kwenye matope mazito mabuti ya mpira yanafaa kuliko viatu vya mlima vya gharama kubwa. Kwenye mawe yenye ukoga ni kinyume chake. Kabla ya kuhama kutoka mlima mmoja kwenda mwingine sugua matope yote kwenye soli, kwa sababu hubeba mbegu za magugu na vimelea vya kuvu.

Maruba, siafu, nyoka?

Maruba wa nchi kavu ni wa misitu ya Asia na Madagaska hasa. Vaa soksi ndefu za kitambaa kilichofumwa kwa kubana juu ya suruali. Akishakushika, mteleze kwa ukucha kuanzia upande mwembamba, ule wa mdomo, kisha upande wa pili. Usimchome kwa moto wala kummwagia chumvi, kwani huweza kutapika ndani ya jeraha.

Siafu ni habari njema ukiwaona wewe kwanza. Msafara wao hufukuza wadudu kutoka kwenye majani makavu, na kuna ndege wanaoishi kwa kuufuata, Afrika na Amerika ya tropiki pia. Chomeka suruali ndani ya soksi, simama mita chache pembeni mwa safu, na ukae hapo hata saa nzima. Ukijikuta umesimama juu yao, toka kwanza mita kadhaa ndipo uanze kuwabandua.

Nyoka mara nyingi wamekwisha kukukwepa. Usishike shina wala gogo bila kulitazama. Jambo la kuogopa zaidi ni kuteleza: mzizi uliolowa uvuke, usiukanyage, na usitembee huku darubini ikiwa machoni.

Nasikia ndege pande zote lakini sioni hata mmoja. Nakosea wapi?

Pengine unatembea haraka. Kilomita moja kwa saa ni mwendo wa kutosha, na yenyewe ni pamoja na kusimama. Ndege wa msituni hutambuliwa kwa sikio kwanza. Jicho huja kuthibitisha.

Ukisikia mlio, simama. Geuza kichwa polepole kushoto na kulia hadi usikie sauti kwa masikio yote mawili sawasawa; hapo pua yako imeelekea uliko mlio. Kadiria urefu: chini kwenye majani, vichakani, katikati, au juu kabisa. Sogea hatua tano pembeni ukarudie. Mistari miwili inapokutana ndipo alipo, na mara nyingi utashangaa jinsi alivyo karibu. Kisha tafuta kwa macho matupu kitu kinachosogea, ukikiona usiondoe macho hapo, pandisha darubini hadi machoni. Ukianza kupekua majani kwa darubini utachoka bure.

Wapo wasiosogea, na hao ni somo lao peke yao. Trogoni hukaa wima, kimya, kwenye tawi lililolala, dakika nyingi, na akikuhisi hukugeuzia mgongo. Tumbo lake, mara nyingi jekundu, ndilo picha za kitabu huonyesha. Mgongo, kwa wengi wa Afrika na Amerika, ni wa kijani ileile ya majani. Kwa hiyo usitafute rangi nyekundu. Tafuta umbo: kitu kama tunda kubwa refu chini ya vilele, chenye mkia mrefu ulionyooka kwenda chini, kikigeuza kichwa taratibu.

Chagua pia mahali. Barabara iliyokatwa kwenye ubavu wa mlima ni bora kuliko kijia cha ndani, kwa sababu miti iliyoota chini ya barabara vilele vyake huwa usawa wa macho yako. Unawaona ndege wa juu bila kuvunja shingo. Tumia barabara saa za mwanga mzuri, na kijia cha ndani alfajiri na wakati wa ukungu.

Kundi kubwa la ndege limepita ghafla, na kabla sijajua ni nini limekwisha. Nilipaswa kufanya nini?

Hilo ni kundi mseto: spishi tofauti zinazosafiri pamoja kutafuta wadudu. Macho mengi huona mwewe mapema, na anayefukuza mdudu tawini humpatia riziki anayemfuata. Kundi lina eneo lake na huzunguka, kwa hiyo unaweza kuwa msituni saa mbili bila kuona kitu, kisha dakika tano zikajaa.

Kosa la kwanza ni kulikimbiza. Angalia linakoelekea, tangulia mbele yake kwa njia kama inapitika, na usimame. La pili ni kumng'ang'ania ndege mmoja. Toa sekunde tatu au nne kwa kila mmoja: umbo la mdomo, mistari kwenye bawa, ncha ya mkia, kisha mwingine. Waliotambulika kwa urahisi wapite. Tazama pia anayepanda shina, anayening'inia chini ya ukoga, na anayekaa nyuma kimya. Hao wa nyuma ndio hukosekana mara nyingi kwa sababu kila mtu amegeuka kufuata kelele za mbele.

Jifunze mlio wa kiongozi. Kila eneo lina spishi moja au mbili zenye kelele ambazo wengine huzifuata. Mramba huwa na kazi hiyo katika misitu mingi ya Afrika na Asia. Muulize mwenyeji ni yupi, ujifunze mlio huo kabla ya mingine yote. Ukiusikia kwa mbali, unajua kundi linakuja.

Mkiwa wengi, kubalianeni namna ya kuelekezana. Wengi hutumia mishale ya saa, na hapa waliozoea saa ya Kiswahili huchanganyana na wengine: “saa mbili” ni upande gani? Afadhali kutaja mti: “shina jeupe lenye panda, panda ya kushoto, nusu ya juu.”

Naweza kumwita ndege kwa kurusha sauti yake kwenye simu?

Kwanza uliza sheria. Baadhi ya hifadhi zimepiga marufuku kabisa. Panaporuhusiwa, rusha kwa sauti ndogo, sekunde 10 hadi 15, kisha nyamaza dakika mbili. Rudia mara mbili au tatu, basi. Dume anayejibu anaamini mpinzani ameingia eneo lake. Anaacha kula, anaacha kiota, anajiweka wazi kwa mwewe. Akishatokea, zima. Kumrushia tena ili upate picha nzuri zaidi ni uonevu.

Usirushe kabisa kwa spishi iliyo hatarini, karibu na kiota, wala mahali panapopitwa na vikundi kila siku. Hapo ndege huzoea na hunyamaza, na anayefuata anakuta msitu bubu.

Vilishio na ndege waliozoeshwa kula minyoo: ni halali?

Tunaona ni afadhali kuliko sauti, vikitunzwa. Maji ya sukari ya ndege wavumaji, wale wadogo wa Amerika wanaonyonya maua, hutengenezwa kwa kipimo kimoja cha sukari nyeupe na vinne vya maji, bila rangi wala asali, na chombo huoshwa kila siku mbili tatu. Ukikuta maji yana utando au harufu ya kuchacha, mwambie mwenye mahali. Karibu na Mindo, *Grallaria gigantea*, ndege wa ardhini mwoga mno, alizoeshwa kuja kula minyoo, na mtindo huo ukaigwa sehemu nyingine za Andes. Umewapa wakulima sababu ya kuacha msitu usimame.

Nahitaji mwongozaji?

Kwa siku ya kwanza, ndiyo. Masikio yake ndiyo unayoyalipia. Kabla ya kukubaliana muulize anatambua milio mingapi ya hapo bila simu, na ni ndege gani amewaona wiki hii. Anayejibu “wote wapo” endelea kutafuta. Mpe orodha ya ndege watano hadi wanane unaowataka zaidi, usimpe sabini. Kikundi kisizidi watu sita. Kwenye kijia chembamba mtu wa saba hutazama mgongo wa mtu wa sita.

Picha je?

Mwanga ndio adui. Lenzi ya milimita 400 inatosha kwa sababu ndege wako karibu. Ya 600 ni nzito mteremkoni. Kwa ndege aliyetulia anza na kasi ya 1/200 ya sekunde, fungua lenzi yote, na uache ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ipande hadi 3200 au 6400. Punje za picha husafishika, mtikisiko hausafishiki. Ndege akiwa mbele ya anga lenye ukungu, ongeza mwangaza kwa hatua moja hadi mbili, vinginevyo atatoka mweusi tii. Flashi iache.

Mwinuko utanidhuru?

Msitu wenyewe mara nyingi uko chini ya kiwango cha kuleta taabu, lakini njia ya kwenda huko siyo. Dalili huanza kuonekana kwa watu wengine kuanzia mita 2,500, na Quito, Ekuador, iko karibu mita 2,850, Cusco, Peru, karibu 3,400. Ukiweza, lala chini kwanza, upande baadaye. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande zaidi. Dalili zikizidi, shuka siku hiyohiyo. Kutembea ukiyumba au kukosa pumzi ukiwa umekaa ni dharura.

Malaria hupungua kadiri unavyopanda, ila usiku mmoja wa njiani bondeni unatosha kuipata, kwa hiyo mwone daktari kuhusu dawa za kinga. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, basi usiache hadi wiki ya mwisho.

Kitabu kinasema ndege yupo kati ya mita 1,200 na 1,600. Hayupo. Kwa nini?

Angalia mwaka wa kitabu. Joto linavyoongezeka ndege wa milimani wanasogea juu. Kwenye mlima wa Pantiacolla, Peru, watafiti walirudia mwaka 2017 hesabu iliyofanywa 1985. Matokeo, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha spishi nyingi zimepanda, na baadhi ya zile za kileleni hazikupatikana tena. Tafuta mita 100 au 200 juu ya kiwango kilichoandikwa.

Pia huenda uko mwinuko sahihi, saa isiyofaa. Pima mwinuko kwa simu au saa ya mkononi na uuandike kila unapoona ndege muhimu. Siku ya tatu utaanza kuona mpangilio, nani anaishia wapi na nani anaanzia hapo.

Nikae siku ngapi?

Asubuhi tatu kwa kila ukanda wa mwinuko ni kiasi cha chini, kwa sababu moja itakwenda na mvua. Mwenye siku sita achague mlima mmoja na kanda mbili. Wanaogawanya siku sita kwa milima mitatu hutumia asubuhi nzuri wakiwa garini.

Magoti yangu ni mabovu. Nitaambulia kitu?

Ndiyo. Barabara ya ubavuni, kiti cha kukunja, na mti wenye matunda yaliyoiva. Kaa saa mbili. Ketsali, kwa mfano, hupenda matunda ya miti ya jamii ya parachichi mwitu, na aliyeketi chini yake huwapita wanaotembea.

Programu za simu zinatosha badala ya kitabu?

Pakua kifurushi cha eneo ukiwa bado mjini, maana mtandao mlimani hukatika. Merlin (ya kutambua ndege) na eBird (ya kuandika ulichokiona), za Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni bure, na tovuti ya xeno-canto ina rekodi za milio. Utambuzi wa sauti kwa programu hufanya kazi vizuri Amerika kuliko misitu mingi ya Afrika na Asia, hivyo jibu lake lichukulie kama pendekezo. Baridi humaliza betri mapema. Weka simu mfuko wa ndani na ubebe pawabenki. Daftari na penseli vibaki mfukoni hata hivyo: penseli huandika kwenye karatasi yenye unyevu, kalamu ya wino hugoma.

Nikimwona ndege adimu, niandike wapi?

Andika papo hapo kabla ya kufungua kitabu: ukubwa ukilinganisha na ndege unayemjua, mdomo, bawa, mkia, urefu aliokaa, alichokuwa anafanya, mwinuko, saa. Ukishaona picha ya kitabu kumbukumbu yako itaanza kuifuata. Rekodi mlio kwa simu hata kama ni mbaya. Kisha ingiza eBird, ambako spishi zinazosumbuliwa na wawindaji au wategaji wa ndege hufichwa mahali zilipo. Kwingineko fanya ufichaji huo mwenyewe: kabla ya kuirusha picha mtandaoni zima taarifa za mahali kwenye simu, utaje jina la hifadhi tu, na kama kuna kiota usikitaje kabisa.